Maziwa Safi ya Kabale

Katika nyumba ya Lul, binti akizaa mtoto wa kike hamnyonyeshi. Sheria hiyo haikuandikwa popote wala hakuna sheikh aliyeibariki, lakini ilishikwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Mtoto akitoka tu hubebwa na kupelekwa kwa mwanamke mwingine mwenye maziwa. Mzazi hufungwa kifua kwa leso, hulia weee, maziwa hukauka, maisha huendelea. Mtoto wa kiume hana neno. Yeye anyonye mpaka achoke.

Chanzo ni Lul mwenyewe, bibi wa nyumba hii, aliyekufa akiwa bado na meno yake yote. Uvimbe ulimtokea ziwa la kushoto. Mwezi ulipoandama uvimbe ulikuwa kama punje ya dengu. Mwezi mwingine ulipoandama ulikuwa kama limau, na kabla wanaume hawajamaliza kubishana kama apelekwe Meru au asipelekwe, ulishapasua ngozi. Siku zake za mwisho Lul alikuwa akisukuma hewa kwa mkono, vile mtu anavyomwondoa kifuani mtoto mkaidi, huku akisema, "Mtoeni huyu, ameshashiba." Hakukuwa na mtoto pale.

Baada ya mazishi, mwanawe wa pekee wa kiume, Abdub, ndiye aliyeshika nyumba, ingawa ndevu zake ndizo kwanza zilikuwa zinaota. Ni yeye aliyekata kauli: ugonjwa unapita kwa maziwa, mama humnywesha binti pamoja na shibe. Miaka ikaenda, na dada yake Wato, ambaye Lul alimnyonyesha kwa ziwa lake mwenyewe, akaugua vile vile, kushoto, na kwa mwendo ule ule wa mbio. Wato alisema kwamba kila akiamka anakuta kinywani ladha ya maziwa, na hajayagusa tangu jana yake. Hapo hata wale waliokuwa na shaka na sheria ya Abdub wakafyata. Wato aliacha binti mmoja, Zeinab, na Zeinab alikuwa amenyonyeshwa na jirani. Kwa hesabu ya mjomba wake, huyo alikuwa salama salimini.

Abdub mwenyewe alipotaka kuoa, hakuuliza urembo. Alizunguka mpaka upande wa Garba Tulla akiulizia vikongwe waliokufa na vifua vyao vizima, na maswali yake yalikuwa ya wazi mno hata mahali pamoja karibu apigwe. Mwisho akampata Habsa, ambaye mamake na bibi zake wote walizeeka mpaka wakasahau umri. Habsa akamzalia Kabale. Kwa hiyo Kabale alikua akijua jambo moja kuhusu mwili wake: kwamba ni safi. Alikuwa binti wa mwanamume, aliyenyonya ziwa la mama mgeni katika ukoo, na ile laana ya nyumba haikuwa na njia ya kumfikia.

Wengine hujivunia ng'ombe, wengine vyeti. Kabale alijivunia maziwa yake. Zeinab alipozaa mtoto wa kike, Nurto, Kabale alikuwa na mwanawe Salad wa wiki chache, na hakuna aliyehitaji kuulizana. Nurto aliletwa Kiwanjani, mtaa wa Kabale, akiwa bado na rangi ya tumboni, akawekwa upande wa kushoto, Salad upande wa kulia. Miaka miwili alinyonya hapo. Hata alipoachishwa na kurudi kwa mamake mitaa miwili ya mbele, aliendelea kumwita Kabale mama na Zeinab mama, na hakuna siku aliyochanganya.

Kabale alikuwa na meza ya maziwa ya ngamia karibu na stendi. Kabla ya kupokea mtungi hunusa kifuniko, kisha huonja tone, na ulimi wake ulijua mengi: mtungi uliofukizwa vibaya, maziwa yaliyotiwa maji huko njiani, ngamia aliyekula majani machungu. Huwezi kumdanganya mtu kama huyo kuhusu maziwa. Ndiyo maana siku moja, alipoamka kutoka usingizi mfupi wa baada ya adhuhuri, jua likiwa kali nje na mbu hata mmoja hayupo, aliketi kitandani akakunja uso. Kinywani mlikuwa na maziwa.

Hayakuwa ya ngamia; hayana chumvi ile. Hayakuwa ya mbuzi wala ya ng'ombe. Yalikuwa mepesi, ya uvuguvugu, na matamu kwa namna ya kuchukiza. Akatema kwenye kiganja akatazama. Mate matupu. Akasukutua, akapiga mswaki, akanywa chai ya rangi. Ladha ilikaa mpaka alasiri, kisha ikaondoka yenyewe. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani? Hadithi ya Wato aliijua tangu utotoni, na ilikuwa hadithi ya wengine.

Wiki hiyo hiyo Nurto alipita akitoka duksi kusoma Kurani, kama kawaida yake, akatupa loho yake ya kuandikia mlangoni na kujilaza juu ya kifua cha Kabale. Msichana wa miaka sita, mikono mirefu, mdomo usiochoka. Lakini siku hiyo alinyamaza. Alibana sikio juu ya ziwa la kushoto, akakaa hivyo muda, macho yakitazama ukuta.

"Mama, kuna mtu," akasema.

"Wapi?"

"Hapa ndani. Ananyonya."

Kabale alicheka, akamfinya shavu, akamtuma dukani akanunue sukari. Mlango ulipofungwa, mkono wake ulikwenda wenyewe mahali pale palipokuwa na joto la sikio la mtoto. Vidole vikakuta kitu kigumu, kidogo, kama dengu.

Kama ingekuwa kwa mwanamke mwingine yeyote wa nyumba ile, gari lingetafutwa siku hiyo hiyo. Lakini huyu alikuwa Kabale. Alipowaonyesha, mamake, Habsa, aliguswa na wasiwasi kidogo tu, na Zeinab alicheka waziwazi.

"Dada, hiyo si kitu. Hiyo ni maziwa ya Nurto imebaki ndani, imeganda," alisema. "Wewe uko na maziwa mingi sana, sisi wote tunajua. Kanda na samli ya moto, itashuka."

Wakamkanda. Samli ya moto, kitambaa cha moto, kisomo na tena samli. Kabale alikandwa kwa mapenzi na kwa vicheko, na kila alipolala mchana aliamka na maziwa kinywani. Mwezi ulipoandama tena alijitazama kwenye kioo cha kabati. Dengu ilikuwa imekuwa limau. Hapo alikaa chini sakafuni, akaogopa kwa mara ya kwanza, na wala hakujiogopea mwenyewe. Alimwogopea Nurto. Kama kitu hiki kimo ndani yake, basi kilikuwamo tangu lini? Miaka miwili ya ziwa la kushoto. Alikuwa amemmiminia mtoto nini?

Daktari wa Meru aliitwa Kiogora, mtu wa sauti ya chini aliyependa kuchora anapoongea. Walikuwa wameshamchoma Kabale sindano nene na kuchota kipande kidogo cha nyama, na kwenye mashine ya picha alikuwa ameuona uvimbe wenyewe, shimo jeusi katikati ya ukungu mweupe. Aliulizwa kama anaumwa. Haukuuma hata kidogo.

"Mama Salad, kuna uvimbe wa polepole," Kiogora alisema. "Mtu anaweza kaa nao miaka kabla haujamsumbua. Huu wako si huo. Huu ni ule mkali." Akachora duara, kisha ndani yake milango mitatu, akaifuta yote. "Kwa watu wengi, seli za kansa huwa na milango ambayo dawa inaweza kuingilia. Yako haina hata mmoja. Inabaki kemo na upasuaji, na tusipoteze wakati. Nzuri ni kwamba aina hii inapoguswa na kemo mapema, mara nyingi inanyenyekea. Sasa niambie. Kwenu nani mwingine aliugua?"

Kabale akataja: Lul, bibi yake. Wato, shangazi. Na dada wa Lul mmoja aliyezikwa kabla ya wote, ambaye watu husema alikufa kwa kifua tu.

"Wote upande wa baba," Kiogora alisema.

"Ndiyo, lakini mimi sikunyonya kwa hao," Kabale akajibu upesi. "Mimi nilinyonya kwa mama yangu, na kwao hakuna hii kitu. Baba alitafuta mpaka akapata."

Kiogora aliweka kalamu chini. Hakucheka. "Haipiti kwa maziwa, mama. Maziwa haibebi. Tuna jeni ambayo kazi yake ni kurekebisha seli zikikosea. Mtu akizaliwa na moja mbovu, makosa yanarundikana bila fundi, na uvimbe ukitokea mara nyingi unakuwa huu wa mbio, na unakuja mapema, mtu akiwa bado na nguvu zake. Hiyo jeni unazaliwa nayo. Inatoka kwa mama ama kwa baba, na kila mtoto ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi."

"Baba yangu hana matiti."

"Jeni anaweza kuwa nayo. Mwanamume anaweza kubeba hii kitu maisha yake yote asiumwe hata jino."

Kabale alitoka pale na maneno hayo, na njia nzima ya kuteremka kurudi Isiolo hakumwona mtu wala mti. Alimwona babake. Alimwona akinywa chai, akiswali, akimbeba begani alipokuwa mdogo. Na ndani yake, wakati wote huo, kilikuwa kimekaa kile kitu, kimya, hakimuumi, hakimpunguzi hata uzito, kinasubiri apate binti. Kabale hakuwa mwoga wa majini. Lakini jini hufukuzwa, na hiki kilikuwa sehemu ya mtu.

Damu yake ilipelekwa Nairobi kupimwa. Habsa aling'ang'ania yake ipelekwe pia.

"Wanasema maziwa yangu ndio chafu," alisema mzee huyo. "Mimi nataka karatasi iseme."

Maana habari ilikuwa imeshafika mjini kabla yao. Nyumba nzima ilitikisika. Kama Kabale ameugua, basi maziwa ya Habsa hayakuwa safi kama yalivyosifiwa, na kama hayakuwa safi, basi Nurto amelishwa kifo kwa miaka miwili. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu, na kama hesabu nyingi zilizo wazi kwa kila mtu, ilikuwa ya uongo.

Nurto hakupita tena akitoka duksi. Siku ya tatu ya kumkosa, Kabale alijifunga mtandio akaenda mwenyewe. Kutoka nje ya geti alisikia mtoto akitapika. Haikuwa ile ya mara moja ya mtoto aliyekula vibaya, ilikuwa ya kuvutwa kwa nguvu, kavu, na katikati yake sauti ya Zeinab ikihimiza, "Toa. Toa yote." Ndani, Nurto alikuwa amepigishwa magoti mbele ya beseni, na kando yake kikombe cha maji ya shubiri. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa, na macho yake yalipomwona Kabale yalikwenda moja kwa moja kwenye kifua, ziwa la kushoto, yakabaki hapo.

"Zeinab, unafanya nini?"

"Natoa maziwa yako."

"Ya miaka sita? Hiyo maziwa iko wapi sasa, Zeinab? Iko kwa mfupa, iko kwa nywele. Utaua mtoto!"

"Nani anaua?" Zeinab alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake. Alimpenda Kabale, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe mkali hivyo. "Mimi nilikupa mtoto wangu akiwa na siku moja. Nililia kama ng'ombe wa kunyang'anywa ndama. Nikasema hapana, kwa Kabale ni salama. Na wewe ulikuwa nayo ndani!"

"Si maziwa. Daktari amesema ni damu. Imetoka kwa bibi yetu, Akko Lul, ikagawanyika kwa Aba na kwa mama yako. Mimi nimeipata kwa Aba. Wewe ndio unatakiwa upimwe, Zeinab. Wewe, si mtoto. Mama yako alikufa nayo."

Zeinab alimtazama kama anayemtazama mlevi.

"Mimi sikunyonya kwa mama yangu hata tone moja," akasema polepole. "Mimi niko sawa. Abuyya mwenyewe alisema. Wewe unataka niugue na wewe."

Abuyya ni mjomba, na mjomba ni Abdub. Mlango ukafungwa. Kabale alisimama pale juani, na nyuma ya mlango kutapika kukaanza upya. Alielewa basi kwamba daktari wa Meru angeweza kuchora mpaka kalamu iishe wino, na Zeinab asingemsikia. Mdomo uliotoa sheria ndio peke yake ungeweza kuivunja.

Na mdomo huo ulikuwa umefungwa. Abdub alipoambiwa mara ya kwanza maneno ya Kiogora alivaa kofia yake akatoka nje, na tangu hapo kila Kabale alipompigia simu alikuwa mahali penye kelele. Majibu ya damu yakarudi: ya Kabale ilikuwa na ile jeni mbovu, ya Habsa haikuwa nayo. Habsa aliibusu karatasi yake, kisha akaona aibu kwa furaha hiyo, akamkumbatia binti yake, wakalia wote wawili. Kesho yake Kabale alikwenda kumtafuta babake kwenye soko la mifugo, akiwa ameshachomwa kemo ya kwanza.

Alimkuta ndani ya vumbi, fimbo begani, akizunguka fahali mmoja mwekundu mwenye nundu ya kupendeza. Abdub alikuwa anatafuta fahali wa kupandia ng'ombe wake wa Burat. Mwenye fahali, Achuka, Mturkana wa kutoka Kipsing, alikuwa akimsifu mnyama wake kwa moyo wote.

"Mzee, angalia mgongo. Angalia kwato. Hii ndume haina kasoro."

"Mgongo nimeona," Abdub alisema. "Lakini mama yake pia niliona, huko kwenu, mwaka wa ile mvua. Kiwele yake ilikuwa gonjwa. Upande mmoja umekufa."

"Si hii ni ndume, mzee? Kwani utaikamua?"

"Siikamui. Nitakamua mabinti zake." Abdub aligonga ubavu wa fahali kwa fimbo, bila chuki. "Ndume mwenyewe mzima kabisa. Lakini atanitia kiwele ya mama yake kwa boma yote. Peleka kwa mwingine."

Kabale alisimama nyuma yake. Alisikia kila neno, na baridi ilimpanda mgongoni katika joto lile lote. Mzee huyu alijua. Alikuwa amejua maisha yake yote, mikono yake ilijua, na kila mwaka sokoni alikuwa akiifanyia kazi elimu hiyo, isipokuwa nyumbani kwake.

"Aba," aliita.

Abdub aligeuka. Aliona mtandio uliofungwa chini mno, kuficha nyusi zilizoanza kupukutika.

"Huyu ndume umemkataa juu ya mama yake," Kabale alisema. "Sawa. Sasa mama yako wewe alikuwa nani?"

Achuka, ambaye hakuelewa kitu lakini alielewa uso wa mtu, alimvuta fahali wake akaondoka taratibu. Abdub alibaki na fimbo yake.  Kabale alitegemea hasira. Babake alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kila kitu kingine. Badala yake mzee alikaa chini kwenye vumbi, pale pale ng'ombe wanapopita, jambo ambalo mwanamume wa makamo yake hafanyi.

"Hiyo ladha," akasema baadaye. "Ya maziwa. Wewe pia unapata?"

Kabale alisogea karibu naye. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Mimi napata tangu tuzike mama. Karibu kila asubuhi." Alikuwa akizungumza na fimbo, si na yeye. "Nilidhani ni mama ananikumbuka. Nilikuwa nafurahi nayo, Kabale. Wallahi nilikuwa nafurahi."

Ng'ombe walipita kulia na kushoto kwao. Hakuna mahali pa kuweka jambo kama hilo. Daktari asingelichora, na Kabale alijua hatamwambia. Alimpa babake mkono akamwinua. Wakaenda pamoja mpaka kwa Zeinab.

Zeinab alipomwona mjomba wake mlangoni alileta kiti na chai kwa heshima zote, ila kwa Kabale hakuleta hata kiti. Beseni lilikuwa pembeni. Nurto alikuwa amelala mkekani, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni.

"Kunywesha mtoto hiyo dawa, wacha leo," Abdub alisema. Hakugusa chai. "Nilikosea. Si maziwa. Ile kitu iko kwa damu ya mama yangu, na mimi niko nayo. Kabale amepata kwangu. Wato alikuwa nayo. Wewe unaweza kuwa nayo pia, hata kama hukunyonya."

 Zeinab alitazama mkeka, akatazama beseni. Kisha alisema kwa sauti ndogo sana.

"Yule jirani alinieleza kitu, Abuyya. Alisema nikinyonya kwake, mama yangu alikuwa anakuja kusimama nje ya dirisha. Kila siku. Haingii. Anasimama tu, anasikiliza, mpaka nishibe, halafu anaenda." Akavuta pumzi. "Ilikuwa bure?"

Abdub aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe mwanamume. Ilikuwa bure? Na huyu wangu nilimpa mtu bure?"

"Ilikuwa bure," Abdub alisema.

Zeinab alimpiga. Hakuna aliyewahi kuona mpwa akimpiga mjomba wake katika nyumba hiyo, wala katika nyumba yoyote ya Waborana waliyoijua. Alimpiga ngumi za kifuani, moja baada ya nyingine, na mzee alisimama akapokea zote, mikono chini. Alipochoka alimwinua Nurto kutoka mkekani, akamwaga maji ya shubiri nje ya mlango, akakaa naye kizingitini akimpepea kwa upindo wa mtandio.

Walikwenda Meru pamoja, Zeinab na Abdub, katika kiti kimoja cha nyuma. Damu zao zote mbili zilikuwa na ile jeni. Zeinab alipopigwa picha, Kabale alikuwepo chumbani, kichwa chake sasa kikiwa kipara kabisa, amemshika mkono. Kiogora alitazama kioo kwa muda mrefu, akasogeza, akatazama tena.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna," Zeinab aliuliza, "ama bado?"

Daktari alizima mashine kabla ya kujibu. Alikuwa mtu mwema, na kwa hiyo hakumdanganya.

"Bado. Ndiyo maana tutakuwa tunakuona mara kwa mara. Na kuna mambo tunaweza kufanya kabla haijaja. Hao wengine wa kwenu hakuna mtu aliwaambia mapema. Wewe umeambiwa."

Zeinab aliuliza kuhusu Nurto. Kiogora alitikisa kichwa: mtoto hapimwi. Asubiri akue, aamue mwenyewe akiwa mtu mzima. Kwa sasa ale, acheze, asome. Na hiyo shubiri ikome.

Kabale alikatwa ziwa mwanzo wa kiangazi. Siku aliyorudi nyumbani alilala mchana kutwa, akaamka na kinywa kikavu, hakina ladha yoyote. Alikaa kitandani akisubiri. Hakuna. Alitegemea kwamba atafurahi, lakini chumba kilimjia kikubwa mno, na akajikuta akiita jina la Salad ili tu kuwe na mtu.

Nurto alikuja siku chache baadaye. Alikuwa ameanza kujaza mashavu. Alisimama mbali kidogo, karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtoto aliyetumwa kuomba radhi na akasahau maneno.

"Mama Zeinab amesema maziwa haibebi kitu," alisema.

"Ni kweli. Hukupata ugonjwa wowote kwangu. Usiogope."

Mtoto alifikiria. Uso wake haukuonekana wa mtu aliyefarijika.

"Kama haibebi kitu, basi mimi si mtoto wako?"

Kabale alihisi swali hilo likimgusa mahali ambapo hapakuwa tena na nyama. Miezi yote ile alikuwa ameomba usiku na mchana isiwe maziwa. Hakuwahi kufikiri kwamba akijibiwa atanyang'anywa kitu.

"Salad ni nani yako?" alimuuliza.

"Ndugu yangu."

"Unaweza kuolewa na yeye?"

"Hapana!" Nurto alikunja pua. "Ni haramu. Tumenyonya pamoja."

"Basi. Mungu mwenyewe anasema wewe ni wangu. Daktari hawezi kubadilisha hiyo."

Nurto alikubali, kwa sababu alitaka kukubali. Alisogea, akapanda kitandani kwa uangalifu, akakaa upande usio na bandeji. Alichezea ncha ya mtandio kwa muda.

"Mama Zeinab amesema nikiwa mkubwa nitatolewa damu, kuangalia kama niko na ya Akko Lul."

"Ukitaka. Ukiwa mkubwa sana."

"Mimi naogopa sindano."

"Mimi nitakupeleka," Kabale alisema. "Nitakushika mkono, kama nilivyomshika mama yako."

"Utakuwa bado uko?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, la mtoto anayepanga mambo yake. Nje watu walikuwa wanaitana, mtu anapakua mitungi kutoka kwa lori. Kabale aliutazama ule mkono mrefu, mwembamba, uliokuwa umeshika mtandio wake, akahesabu upesi miaka ambayo mkono huo ungehitaji ili uwe wa mtu mzima. Ilikuwa mingi. Aina yake ya ugonjwa, Kiogora alikuwa amesema, hurudi mapema kama ina nia ya kurudi, na hakuna anayeweza kuapa.

"Nitakuwa," alisema.

"Sema wallahi."

Akasema wallahi.